Tezo ya Tonton na Masanamu ya Wadogon

Mangobo, Stanleyville
Tarehe 12 ya mwezi wa tatu, 1956

Mupendwa ndugu yangu Assumani,

Salamu mingi kutoka hapa Mangobo. Uko muzima? Joto ya kule Mopti inakuacha ulale? Sisi tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Bibi yangu Kadidja alikuwa na homa, lakini sasa ameanza tena kunigombeza, donc amepona.

Sanduku yako ilifika na masanamu tatu ya Wadogon, wale wachongaji wa kule kwako. Bon, unanijua, sifichi: sikufurahi. Tangu ulimufuata ule muchuuzi wa masanamu kule Sudani ya Wafaransa, miaka tatu sasa, hapa nyumbani ni jina yako tu. Assumani anajua hiki, Assumani ameona kile. Miye niliyebaki kuchonga na tonton Kasongo, mujomba na fundi wetu, kila siku, nani ananitaja? Wivu ilinikamata na mupaka leo haijaniachia.

Macho ya tonton imefunga kabisa, kwa hiyo ni miye nilimusomea barua yako. Ulisema watu wa kwenye magenge ya mawe wanachonga sanamu mwembamba, mabega ya pembe pembe. Wale wa kaskazini wanamupa mashavu na tumbo. Na zile za zamani sana zimeinua mikono juu, zinaomba mvua. Tonton alizipapasa moja moja, akacheka: “Huyu wa kaskazini, amekula vizuri!” Kwa kazi yangu hajacheka hivyo hata siku moja.

Alors akanipa nizishike, nifunge macho, nimwambie. Nilisema zote ni za fundi moja. Akajibu, mbele ya jirani Évariste: “Miaka kumi na mbili unachonga, na mikono yako bado haisikii.” Nilitoka nje bila kumaliza sahani yangu ya pondu.

Kesho yake nikachukua ule wa mikono juu. Ngozi yake ilikuwa nzito, imepasuka pasuka, kama ukoko chini ya sufuria. Nikasema, ndiyo huyu Assumani wao, anatuma kitu haijamalizika. Unajua desturi yetu: kwa tonton hakuna kitu inatoka bila majani ya msasa na sirage ya viatu. Nilikwangua siku mbili. Iling'aa kama kiatu cha karani. Nilifurahi, nakuambia kweli.

Tonton aliipapasa toka kichwa mupaka miguu. Halafu akaniambia nisome tena ukurasa ya pili. Ulikuwa umeandika wazi: ule ukoko ni uji ya mawele na damu, mababu zao waliimwagia sanamu miaka na miaka, usiuguse. Mara ya kwanza niliusoma mbio mbio, sababu kila neno yako ilikuwa inanichoma. Tonton akasema pole pole, “Umekwangua maombi ya watu.” Na hapo hapo akaamua tezo yake ya kuchongea ije kwako.

Ile tezo baba yake alileta kutoka Maniema. Anayeishika ndiye mukubwa wa kazi yetu, unajua hivyo kama miye.

Kwa ule sanamu, naomba unisamehe, naomba kabisa. Kwa tezo sijui niombe nini. Tonton alinipa niifunge, nikutumie. Wiki tatu sasa iko chini ya kitanda. Asubuhi naitoa, nachonga nayo, jioni naifunga tena na kamba. Inakaa vizuri mukononi mwangu. Weye kule huchongi tena, unaangalia tu kazi ya wengine. Nasema hivyo, halafu nasikia haya.

Kadidja anakusalimu, na mama yako Zaina, na dada Sikujua ambaye amezaa mutoto mwanamuke. Tonton anasema Mungu akutangulie katika magenge yale. Hajui kama tezo bado iko hapa.

Kesho nakwenda poste. Kama barua hii inakufikia peke yake, usilaumu watu wa poste. Ni miye.

Wako, ninayekupenda na kukuonea wivu,
Ramazani