Somo la Kifiji la Khadijah

Mwanasiti, nimechezewa shere na mwanangu wa kumzaa!

Wiki nzima Khadijah yuko hapa kwangu, ananifundisha kutamka Kifiji. B isome mb, d isome nd, c isome dh ya dhahabu. "Mama, sema tena: mbula." Nikamuuliza, salamu hii ya nani? "Lugha tu, Mama."

Lugha tu! Sijasahau aliponifundisha kupiga simu za video za Skype, kumbe kashahama kwangu, yuko mji mwingine, Apple Valley.

Mimi, niliyewagomesha wapangaji wote wa mji huu wa Fridley wasilipe kodi!

Sasa hivi mlango umegongwa. Wazee wa Kifiji, mmoja kashika jino la nyangumi kwa mikono miwili. Mdomo ukatoa wenyewe: "Mbula!" Wakafurahi, wakaketi.

Shoga, wamekuja kumposea kijana wao binti yangu! Jino lile ndilo posa yao.

Nimejifungia jikoni. Khadijah anachungulia: "Umetamka vizuri, Mama."

Chai nitawapa. Jibu sitoi. Njoo!