Kimeng'enya cha Omwenga

Jumapili, Mei 1977. Nyaramba ilikuwa na ukungu mpaka saa nne.

Nimerudi huko kusahihisha kosa langu.

Wiki mbili zilizopita niliandika gazetini kwamba Omwenga, mwana wa mkulima wa chai Mzee Nyakundi, amegundua dawa ya kifua kikuu akisoma ng'ambo. Maneno yalikuwa ya mzee. Omwenga alikaa kando yake akitazama sakafu. Nikachukua ukimya wake kuwa ndiyo.

Mimi ni Mgusii. Nilipaswa kujua. Kwetu mwana hampingi baba yake mbele ya mgeni. Heshima hiyo tunaiita chinsoni.

Ijumaa Omwenga alikuja ofisini kwangu Kisii, peke yake. "Si dawa, ndugu." Anachunguza kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachotoka kwa bakteria. Uzi wa RNA ukishikana na uzi wa DNA, kimeng'enya hicho huikatakata RNA na kuiacha DNA nzima. RNA iliyo peke yake hakiigusi.

"Kama mama akichuma chai," akasema. "Majani mawili na chipukizi. Kichaka kinabaki."

Hakimponyi mtu. Bakteria wenyewe wanakihitaji kwa kazi gani, bado anatafuta.

Kisha akaniambia habari za jirani yao, Kemunto. Alikuwa akidungwa sindano za kifua kikuu kila siku. Aliposomewa habari yangu, akaacha. Anangoja dawa ya kijana wa kwao.

Leo nimemkuta mlangoni pake, leso mdomoni. Nimemweleza yote.

"Kwa hiyo uliandika uongo?"

"Niliandika nisilolihakikisha."

"Ee, mtu wa gazeti! Makalio yangu yamepumzika wiki mbili, wewe unakuja kuyarudisha kwa sindano?" Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Alipopata pumzi akasema haendi popote. Mzee Nyakundi alitangaza dawa hiyo kanisani, aikanushe mwenyewe.

Nikaenda kwa mzee. Mwanawe asingeweza kumwambia, mimi niliweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Omwenga alijua siku ile?"

"Alijua."

Alivaa koti, akavuka shamba hadi kwa Kemunto. Nilimsikia akisema pale mlangoni: "Nilikosea, mama. Kesho asubuhi jitayarishe, nitakupeleka hospitalini mwenyewe."

Masahihisho yatatoka Jumanne, mistari minne. Habari yenyewe ilijaza nusu ukurasa.

Nimekaa na daftari zangu za miaka kumi. Ni wangapi humu walionyamaza, nami nikaandika kwamba wamekubali?