Mjumbe Asiyekimbia

Jumatatu, 6 Oktoba

Semina imeanza, kwa Zoom. Mwalimu ni Morven, mwandishi wa tamthilia kutoka Uskoti. Anachukua mchezo wa kale wa Kigiriki, anaufumua, anaushona upya kwa lugha ya mtaani kwao — si Kiingereza cha shule! Wenzake wengi huko wanafanya hivyo, anasema. Wafalme wao wanaongea kama watu wa sokoni. Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mume wangu Kyalo aende Juba na lori.

Simu yake bado ni "mteja hapatikani".

Jumatano, 8 Oktoba

Kazi yetu: onyesho la mjumbe. Wagiriki hawakupenda kuua mtu jukwaani. Anafia huko nje, kisha mjumbe anaingia mbio na kueleza yote — kisu, damu, maneno ya mwisho. Kwa Morven mjumbe ni polisi mlangoni, kofia mkononi. Anasema sentensi moja tu. Kwao watu wanaambiwa hivyo.

Akauliza: na kwenu mtu anaambiwaje?

Nikazima kamera. Nikasema neti imekatika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeandika. Kwetu hakuna anayekimbia. Wanakuja wawili wa kanisani, mmoja lazima awe mama. Hodi, kama wageni wa kawaida. Wanauliza habari za mvua. Wanauliza kama umekula, na nani yuko nawe nyumbani. Wanangoja chai. Jina halitajwi. Vikombe vikiisha ndipo mmoja anasema, tuombe. Habari yenyewe unaisikia ndani ya maombi.

Imetoka yote kwa kikao kimoja. Sikuhisi kitu, ni kama naandika vitu vya kununua dukani. Mama mkwe akapiga simu kutoka Masinga, analia. Nikamwambia ugali unaungua. Sikuwa napika.

Jumanne, 14 Oktoba

Mazoezi ya onyesho langu na kikundi chetu cha maigizo, ukumbini hapa mjini. Reuben ndiye mjumbe. Akaingia mbio, anahema, magoti chini! Nikamwambia pole pole, wewe umekuja kunywa chai.

"Lakini madam, watu watalala! Drama iko wapi hapo?"

Akajaribu tena. Akaketi, akashika kikombe kitupu. "Huku kwenu mvua imeanza?" Syombua, anayecheza mke, akaanza kulia kabla ya zamu yake. Nikakasirika. Mke hajui bado, nikamwambia, mke anamimina chai tu.

"Anajua, madam. Ndio maana anamimina pole pole."

Nimeliongeza kwenye mswada. Anamimina pole pole.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwenye lori hashiki simu. Wanasema kulikuwa na risasi barabarani, mbele ya mpaka. Wanasema pia si lori la Kyalo. Wanasema tu.

Nimefua mashati yake yote. Yalikuwa safi.

Morven amesoma onyesho langu. Anasema halina hata tone la damu na limemtisha kuliko yake. Ana swali moja: je, mke asipoleta chai?

Jumamosi, 18 Oktoba

Wako sebuleni. Kavata wa Chama cha Akina Mama, na Mzee Muthoka wa kanisa. Walibisha hodi vizuri. Mzee amevaa koti, na jua lote hili.

Kavata akauliza, "Huku kwenu mvua bado?" Nikasema bado. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza niko na nani. Nikasema niko peke yangu, na Mzee akaangalia mlango.

"Basi Mutheu, tupatie kachai tu, usisumbuke," akasema Kavata.

Niko jikoni. Naandikia juu ya friji. Maji yako kwenye sufuria, maziwa yako tayari, majani, sukari. Nimetoa vikombe vizuri, vile vya harusi. Natafuta woga, siuoni. Natafuta machozi, hakuna. Najua tu kwamba nampenda Kyalo na kwamba hawa wawili hawataomba kabla ya kunywa.

Kavata ameita, anauliza kama anisaidie. Nimejibu, kaeni tu Mama, iko karibu.

Wanaongea chini chini. Kiti kimesogea, Kavata anakuja huku.

Gesi sijawasha.