Yule Mchina Mwenye Sauti Yako

Mbwera

Mume wangu Nurdini,

Sisi hatujambo. Mpunga umekomaa, nguruwe wanatusumbua.

Filamu unazozitafsiri kwa sauti yako huko Dar zinafika mpaka banda la video la Sadala. Ile ya Wahindi ni ndefu, wanalia mno. Ya Wachina nimeipenda, ila yule mpiga upanga anapomuaga mkewe umemsemesha, "Mpunga ukikomaa nitakuwa nimesharudi." Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana ndivyo ulivyoniaga ulipopanda boti.

Mwanao Warda anaijua sauti yako, sura haijui. Yule Mchina anamwita baba. Jana tumeiangalia hadi mwisho, Mchina akauawa. Mtoto akalia sana. Nikamwambia, "Baba yako mzima." Akataka nimwoneshe.

Mkeo,
Zuhra