Nyama ya Masika Mbele ya Mashine ya Bulaya

Dada yangu Masika,

Ujue kwanza: mu laboratoire hii ya Bulaya, kama mimi Kambale sijafika asubuhi, hakuna mashine hata moja inaamka. Badocteur wenyewe banasimama inje mu baridi, banaulizana, "Kambale iko wapi?" Juu ufunguo iko mu mufuko yangu.

Niko muzima, baridi tu inanikula mifupa. Na wewe, kidonda ya titi ilikauka? Mama analima bado kule Kasugho, ao basoda na bunduki yabo balimufukuza tena? Huku banakunywa kahawa ya milima yetu, hakuna mutu anauliza nani anakufa pale inatoka.

Unangoja jibu ya mashine juu ya kile kipande ya nyama ya titi mulinitumia, mbele ya kukubali bakupasue tena chini ya kwapa. Nakuelezea mimi mwenyewe, juu shemeji, bwana yako, atajifanya mwalimu.

Mu mwili, amri inatoka kama lori yenye kujaa inatoka Butembo. Mu njia iko barrière, kizuizi yenye kusimamisha magari. Pale banatosha mufuko moja ao mbili, banashusha chini, banafunga yenye kubaki, lori inaendelea. Mu mutu hana ugonjwa hiyo ni kazi ya kawaida. Mais mu cancer, barrière ilishikwa na bandits: banatosha ule mufuko wenye kusema "simama, usiongezeke tena." Lori inafika, kila mutu anafikiri ni ile ile. Kazi yetu ni kupima lori ngapi zilifika nzima, ngapi zilipunguzwa. Pale tunajua kama cancer yako inatembea ao inakimbia.

Tunasaga nyama mu baridi kali, tunatosha ile amri, jina yake ARN. Mashine inaizalisha kopi mingi, kiisha courant ya umeme inazisukuma ndani ya kitu kama bouillie, uji yenye kuganda. Fupi inakimbia mbele, refu inabaki nyuma. Unaona mistari, unapima. Mais ARN inaoza mbio kupita samaki. Inataka barafu palepale kisu inatoka.

Mu phonie, ile radio ya kuitana, nililalamika, "Muitunze isioze!" Bwana yako akafanya nini? Akaipakaa chumvi, akaitundika juu ya moto kama nyama ya pori! Ule commerçant mulimupatia aniletee alipoifungua hapa, harufu ya moshi ikajaa nyumba. Docteur Madame, mukubwa wetu, akaigeuza-geuza.

"Monsieur Kambale, hii ni nini?"

"Ni dada yangu."

Kijana moja wa pale akacheka: "Mimi nilizani ni chakula yako ya muchana."

Nilimukamata kola, nikamunyanyua mpaka miguu ikacheza hewani. Uulize mutu yeyote huku.

Madame akajaribu, juu ya heshima yangu. Mistari haikuonekana. Ukungu tu, toka juu mpaka chini. Moto ilivunja-vunja ile amri, hakuna cha kupima. Nikamuomba arudilie.

"Nyama ingine iko?"

Ingine iko ndani yako, Masika.

Donc usingoje. Jibu hapana, na haitakuja. Siku mupaka ya Kasindi inafunguka, hata asubuhi moja tu, upite, uende Kampala bakutoshe ule uvimbe. Shemeji akisema "tungoje Bulaya iseme," umuambie Bulaya ilisha sema. Yeye anapenda kungoja. Anangoja vita iishe, na bakubwa ba vita banalala mu hoteli, banakula vizuri, hapana haraka.

Unisalimie Mama, na Kahindo mudogo wetu mwenye kushona kule Beni, na katekista mwenye kukusomea barua hii, asiruke neno. Shemeji pia umusalimie, hata kama nimemukasirikia.

Kitu moja ya mwisho. Kipande yenye kubaki balitaka kuichoma pamoja na takataka. Nikaitosha mu ndoo, nikaizika mu bustani nyuma ya laboratoire. Nilitaka kuisalia vizuri, mais sala yote ikanikimbia. Yenye ilikuja mu kinywa ni ile ya mbele ya kula. Nikaisema mpaka amina.

Ndugu yako,
Kambale