Kisu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Januari 1974

Mvua tangu alfajiri. Nimechovya mabapa manne ya visu kwenye mafuta yakiwa mekundu ya moto, moja limepasuka. Chuma cha springi ya lori safari hii ni kaidi. Mipini ni ya mti wa mkulo, karakana nzima inanukia.

Ijumaa kamati ya kijiji inachagua. Ni visu vya kukunja vya akina mama wauza matunda, mfano wangu au wa Zakaria. Mhunzi mwenzangu huyu wa Muheza analegeza springi ya mpinini inayobana bapa, ili kisu kifunguke upesi. Nimemwambia ametengeneza mlango wa banda la kuku. Akacheka. Mimi kisu cha namna hiyo kilijifunga kikanikata kidole gumba, mpaka leo ncha yake imekufa ganzi.

Changu kikifungwa, chuma hakichungulii popote. Najivunia hilo.

Jumanne, 15 Januari

Waliopewa visu vyangu wajaribu wote wanasifu. Hata mama mkwe. Nilimpelekea kimoja Krismasi kwa mkono wa Penina, mke wangu, maana kwa adabu ya ukwe mimi na yeye ni salamu ya mbali tu, basi. Alijibu kwamba ni kizuri sana. Nilivimba kichwa.

Jumatano, 16 Januari

Nimemtuma Penina akiazime, nikaoneshe kamati kisu kilichotumika. Bapa linang'aa vilevile. Maji ya tunda la peasi hutia chuma weusi siku ya kwanza. Hiki hakijagusa hata moja.

Nikauliza. Penina aliendelea kukoroga uji, kisha akasema, "Baba Yohana, mama hawezi kukifungua. Vidole vimemkakamaa. Sasa wewe mkwewe angekwambiaje?"

Matunda anamenyea kipande cha msumeno alichokifunga kitambaa.

Aibu. Halafu hasira. Halafu aibu tena.

Alhamisi, 17 Januari

Nimelegeza springi moja kujaribu. Kisu kikajifunga chenyewe. Sitaki.

Nimesogeza kikato cha ukucha, kile kimfereji cha kuvutia bapa, karibu na ncha. Afadhali kidogo. Penina akakaza vidole kama mama yake, kikamteleza.

Mwishowe nikashika tupa. Nimekata nusu duara kwenye mpini, pande zote mbili, bapa likatokeza. Sasa linabanwa kwa vidole viwili na kuvutwa. Springi ngumu ileile. Ila vumbi litaingia, mpini umepungua nguvu, na sura imeharibika. Kazi yangu ya miezi. Nimeichukia.

Ijumaa, 18 Januari

Mwenyekiti aliuliza kwa nini nimeutoboa mpini. Nikasema ni kwa wenye vidole vinavyouma. Sikumtaja mtu. Zakaria alikiita kibogoyo, wakacheka wote, nami nikacheka kwa shida.

Nimeomba wasiamue leo. Akina mama wavijaribu vyote viwili, na waulizwe na wanawake wenzao, si sisi. Wamekubali. Huenda nimejichongea.

Kibogoyo kimoja kimekwenda kwa mama mkwe.

Jumapili, 3 Februari

Baada ya ibada mwenyekiti amenivuta pembeni. Wamechagua kibogoyo changu. Zakaria amenipa mkono, kwa moyo safi. Nilidhani nitafurahi zaidi. Bado sijasikia neno kutoka kule kwa mkwe.

Jumatatu, 4 Februari

Ukungu. Penina amerudi na kisu, kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Bapa jeusi tii. Ganda la peasi limekaukia kwenye ribiti, msumari wa kiungo. Makali yamekwisha kabisa.

Safari hii hakutuma sifa. Ameomba kinolewe, na akipate leo hii.

Nimeweka kazi nyingine pembeni.