Rejeta ya Njoki

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimefungua duka saa moja na nusu. Misumari, majembe, kamba za katani, yote mahali pake. Njoki peke yake hayuko mahali pake.

Niandike wazi. Rejeta ya gari langu ilikufa jana, Jumapili, saa tano kasorobo, kwenye mlima wa Marua, maili sita kabla ya kufika nyumbani Nyeri. Nilikuwa natoka kwa dada yangu Karatina. Mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, halafu mvuke, halafu maji yote barabarani. Lori la viazi likanivuta. Kanisa zima lilikuwa linatoka ibada. Wakaniona nimekaa kwenye usukani, navutwa kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Gari hili halijawahi kunichemkia. Miaka minane. Nililinunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga shamba arudi kwao. Lilikuwa limekufa ghalani, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Likaamka. Ndiyo maana naliita Njoki, jina tunalompa mtoto aliyerudi kutoka kwa wafu. Si gari jipya. Lakini hakuna mume wala ndugu aliyeninunulia. Nilianza na kikapu kimoja cha vitunguu.

Jumamosi Njoki anambeba bibi arusi, binti wa dada yangu. Nimeahidi mbele ya wazee wa pande mbili. Siku tano.

Naandika Kiswahili kwa sababu nyumbani Kikuyu kila mtu anasoma.

Jumanne, 6 Agosti

Rejeta iko Majengo kwa Mzee Juma, nyuma ya msikiti. Fundi wa rejeta tangu wakati wa vita. Leo amejaa. Ataifungua kesho.

Nimewaza usiku kucha nani aliliendesha kabla yangu. Jibu ni rahisi. Mwalimu Ndirangu, Alhamisi iliyopita. Aliliomba ampeleke mama yake kwa daktari Murang'a.

Ndirangu anafundisha hesabu. Mke wake alifariki mwaka mmoja baada ya mume wangu. Kwa miaka miwili anakuja kwangu kila Jumapili, anakunywa vikombe vitatu vya chai, anakaza bawaba ambazo hazijalegea, anaenda kwao. Nimehesabu, Jumapili mia moja na mbili. Mbili alizokosa alikuwa na malaria. Hajawahi kusema anakuja kutafuta nini. Mimi sijauliza. Nampenda, hilo naweza kuandika hapa.

Alilirudisha gari limeoshwa, limepigwa polishi mpaka ndani ya madigadi ya magurudumu. Nilifikiri ni heshima.

Jumatano, 7 Agosti

Juma ameyeyusha lehemu, akatoa kifuniko cha juu. Akachungulia. Akanusa.

“Mama Misumari, njoo utazame. Hii si rejeta tena. Hii ni sufuria.”

Uji. Uji wa mahindi, wa kuchachuka, umeiva na kugandamana. Nimeihesabu mirija mmoja mmoja kwa waya. Iko tisini na sita. Iliyoziba ni sitini na moja.

“Rejeta ikivuja, wengine hutia yai,” Juma alisema. “Wengine sabuni. Huyu aliona gari halijafungua kinywa.” Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Amejaribu kuisafisha kwa magadi na maji ya moto. Mirija saba ikapasuka hapo hapo, imeliwa na kutu, myembamba kama karatasi. Imekwisha.

Sina hasira ya uji. Mtu akikwama barabarani hufanya lolote. Nina hasira ya polishi. Kuling'arisha gari nje, huku ndani limejaa uji, halafu kunirudishia ufunguo kwa mikono miwili!

Jioni nimeenda kwake. Nimemuuliza, ulitia nini kwenye rejeta yangu? Akatazama viatu vyake.

“Nilipolirudisha lilikuwa linatembea vizuri, Wairimu.”

Sikuuliza kama linatembea. Mtoto wa darasa lake akijibu hivyo anapata sifuri. Nimemwambia hivyo. Nimerudi kwa miguu. Nimeumia.

Alhamisi, 8 Agosti

Gereji nne Nyeri, hakuna. Mbili Karatina, hakuna. Magari ya umri huu yamebaki machache na wenyewe hawaachi hata skrubu. Dada yangu amenipa uji, nimeukataa. Hakuelewa.

Karatina nikasikia kuna mzoga wa gari kama langu Murang'a, umelala nyuma ya kinu cha posho. Nimepanda basi. Nimefika saa tisa. Mzoga upo. Pua tupu, hakuna rejeta. Boliti nne zimefunguliwa, mikwaruzo bado inang'aa.

Mlinzi alikuwa anakula muwa.

“Hiyo imeenda asubuhi, mama. Mzee mmoja ako na tai. Ameibeba kifuani kama mtoto. Nikamwambia chukua gunia, utajichafua, akasema ati koti inatosha.”

Mimi najua mtu mmoja tu anayevaa tai wakati shule zimefungwa.

Basi la kurudi lilichelewa. Nimekaa kwenye jiwe muda mrefu, sijui nimekasirika au nimefurahi. Vyote viwili. Zimebaki siku mbili.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika Majengo kabla Juma hajafungua. Ndirangu alikuwa huko tayari, amekaa juu ya debe, koti lote kutu, rejeta miguuni. Akasimama kama mkaguzi ameingia darasani.

“Ni uji. Nilitia mimi. Kikombe kimoja na nusu.”

Halafu akasema yote. Wakitoka Murang'a, rejeta ilianza kuvuja pale Sagana. Mama yake alikuwa nyuma na kibuyu chake cha uji. Akamwambia, chungu kipya kikivuja tunakipikia uji ndani, matundu yanaziba, wewe umesoma nini shuleni? Naye akaona hesabu inakubali. Na kweli iliziba! Alifika Nyeri, maili karibu thelathini, bila tone. Uji haukuzuia maji kupita mirijani siku ile. Ulizuia Jumapili, ulipokuwa umeganda.

Mama yangu pia aliziba vyungu kwa uji. Nimeona kwa macho yangu. Ningekuwa nimekwama Sagana na yule mama nyuma yangu, ningefanya nini? Sijui.

Nikamuuliza, basi kwa nini ulinyamaza?

“Ukininyima gari, sawa. Niliogopa utanifungia mlango.”

Nilichukua futi nikapima rejeta aliyoleta. Inchi moja na nusu zaidi kwa urefu.

“Ulipima kabla ya kuifungua?”

“Kwa macho.”

“Mwalimu wa hesabu.”

Juma alitoka nje kucheka.

Nimepiga hesabu mwenyewe. Tukikata chuma inachokalia, inashuka inchi moja. Inabaki nusu inchi. Injini itapoa, lakini boneti halitajifunga. Juma akakata, akachomelea. Ndirangu akashika taa, kisha spana, kisha maji ya kunawa. Saa kumi na moja Njoki akanguruma. Nimeweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa. Joto la kawaida.

Jumamosi, 10 Agosti

Kamba ya katani kutoka dukani kwangu, mafundo mawili, boneti likatulia. Juu yake maua meupe mpaka kamba haionekani. Mzee mmoja wa upande wa bwana arusi aliniuliza kama maua mengi hivyo ndiyo mtindo wa sasa. Nikasema ndiyo.

Maili kumi na sita kwenda Karatina, nne na bibi arusi hadi kanisani, nne kurudi naye, kumi na sita kuja nyumbani. Arobaini. Mshale haukupita katikati hata mara moja, hata mlima wa Marua. Ndirangu alikaa kando yangu na debe la maji kati ya magoti. Nililinusa kwanza.

“Ni maji tu, Wairimu.”

“Leo.”

Bibi arusi alicheka mpaka shela ikateleza. Hakulia hata chozi, na mama yake alikuwa ameogopa sana atalia.

Kwenye sherehe wanawake wakaniuliza yule wa tai ni nani wangu. Nikasema ni mwalimu. Wakaangaliana. Swali si la upuzi.

Jumapili, 11 Agosti

Ukungu. Mlima hauonekani. Nimetoa maua yaliyonyauka na kufungua kamba, nimeongeza maji kikombe kimoja tu. Njoki amekaa uani, ana umande mgongoni.

Nimefikiri. Uji nimesamehe. Koti lenye kutu nimeliona, na sitalisahau. Lakini mtu anayenyamaza kuhusu rejeta atanyamaza kuhusu mengine, na mimi nina miaka arobaini na tisa. Nikiendelea kukisia nitazeeka nikikisia.

Kwa hiyo kanisani, baada ya ibada, nimempa mkononi kipande cha karatasi ya kufungia misumari. Alikikunja bila kusoma, akakitia mfuko wa shati. Nakala yake niiweke hapa:

Mwalimu Ndirangu. Swali ni moja. Unataka kunioa au hutaki? Usinieleze gari linatembeaje. Niambie ndiyo, au niambie hapana, kwa mdomo wako, leo, kabla ya saa kumi jioni.